Lengo lililo mikononi mwako: kupanga maisha Dzaleka huku maamuzi makubwa yakiwa kwa wengine

Lengo binafsi lililo wazi halimpi mkimbizi kibali cha kutoka kambini, wala halimpi nafasi ya kuhamia nchi ya tatu. Linampa jambo jingine: kuamka Jumatatu akijua la kufanya, na kuweza kutambua mwishoni mwa mwaka kama mwaka huo umempita bure. Makala haya yanaeleza namna lengo la aina hiyo linavyojengwa, na kwa nini ni muhimu kulitenganisha na mambo ambayo waamuzi wake ni watu wengine.

Muulize kijana wa Dzaleka lengo lake ni nini, na mara nyingi utapata jibu moja: kuondoka. Mmoja atasema Canada, mwingine Marekani au Australia, mwingine atasema tu "nje". Ni jibu la kweli, na hakuna wa kumlaumu anayelitoa. Lakini ukimwuliza swali la pili, yaani wiki hii atafanya nini ili alikaribie jambo hilo, mazungumzo hukatika. Swali hilo la pili ndilo linalotushughulisha hapa.

Mahali penye maamuzi ya wengine

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi, palikuwa gereza ambamo utawala wa Hastings Kamuzu Banda uliwafunga wapinzani wake. Inasimuliwa kwamba jina lenyewe linatokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha: mfungwa aliahidi kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 palifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi, kwa makadirio ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowakutanisha sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya maji.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo Desemba 1987, lakini iliweka masharti yake katika vifungu tisa, vikiwemo vinavyohusu ajira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Kwa hiyo mengi yanayomgusa mkimbizi huamuliwa mbali na kizingiti cha nyumba yake, hasa Capital Hill jijini Lilongwe, zilipo wizara za serikali. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambini kabla ya tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei vyombo vya usalama vikaanza kuwakusanya. Wapo waliofunga kwa siku moja maduka waliyoyajenga kwa miaka mingi.

Katika mazingira kama hayo, mtu anaweza kuuliza kwa haki kabisa: kupanga kuna maana gani, ikiwa tangazo moja linaweza kuvuruga kila kitu? Jibu letu ni kwamba katika mazingira hayo ndipo mipango inapohitaji umakini zaidi, kwa sababu anayepanga ovyo hupoteza hata kile kidogo alichoachiwa.

Kutamani si kulenga

Neno lengo linatokana na kulenga, kazi ya mwenye upinde. Mpiga upinde anahitaji mambo matatu: shabaha anayoiona, umbali ambao mshale wake unaweza kuufikia, na nafasi ya kwenda kutazama kama amepata au amekosa. Anayesema "nataka maisha mazuri" hana shabaha. Anayesema "nataka kuwa daktari" anayo shabaha, lakini bado iko mbali mno na upinde wake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa miaka kumi na minane aliyekuja kutoka Kivu Kusini yuko kidato cha tatu. Alianza shule kwa Kifaransa, nyumbani anazungumza Kiswahili, na sasa anasoma kwa Kiingereza. Anatamani chuo kikuu. Akiuliza kwa makini ataelezwa kwamba kwa kawaida vyuo vikuu vya Malawi hudai cheti cha mwisho wa sekondari, MSCE, chenye krediti sita, Kiingereza kikiwa mojawapo. Hapo matamanio yameanza kupata umbo. Akitazama alama zake na kuona kwamba Kiingereza ndicho kinachomwangusha, lengo lake halisi sasa si "chuo kikuu". Lengo lake ni kupata krediti ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne, na hatua ya wiki hii ni kuandika insha mbili na kumwomba mwalimu azisahihishe.

Chuo kikuu hakijatoweka. Bado kipo mbele yake kama mlima unaoonekana kwa mbali, ila sasa amejua mguu wa kwanza aukanyagishe wapi.

Jambo lisiloombwa kwa fomu

Turudi kwenye jibu la "kuondoka". Kwa mujibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, kila mwaka chini ya asilimia moja ya wakimbizi wote duniani ndio wanaohamishiwa nchi ya tatu. Nafasi hiyo haipatikani kwa kujaza fomu ya maombi. UNHCR huwatambua wenye mahitaji makubwa zaidi ya ulinzi, kisha nchi inayopokea ndiyo inayotoa uamuzi wa mwisho. Huduma hiyo hailipiwi katika hatua yoyote, na mtu anayedai fedha ili "asogeze faili" ni tapeli.

Hata aliyekaribia mwisho wa safari hana hakika. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa nchi yake wa kupokea wakimbizi. Katika kambi nyingi za Afrika, familia zilizokuwa zimekwisha kufanyiwa mahojiano na vipimo vya afya zilibaki pale zilipokuwa.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Madhara ya kungoja hayaonekani siku ya kwanza. Anayengoja hajifunzi Kichewa, kwa kuwa hatakaa. Haendi kujifunza ufundi, kwa kuwa huenda simu ikapigwa kesho. Hapandi mpapai uani, ingawa mpapai huzaa baada ya mwaka mmoja au miwili tu. Baada ya miaka kumi hana mpapai, hana ufundi, hana lugha ya majirani, na simu haijapigwa.

Si kwamba matumaini ya kuhama ni kosa. Kosa ni kuyaweka mahali pa lengo. Njia moja nyepesi ya kuvitenganisha vitu hivi ni kuchukua karatasi na kuigawa mara mbili. Upande mmoja uandikwe yaliyo mikononi mwa wengine: uamuzi wa hadhi ya ukimbizi, kuhamishiwa nchi ya tatu, sera ya makazi, kiwango cha mgao wa chakula. Upande wa pili yaandikwe yaliyo mikononi mwako. Hata ndani ya mambo ya wengine kuna sehemu ndogo iliyo yako: kuandikisha mtoto aliyezaliwa, kutoa taarifa familia inapobadilika, kutunza nyaraka mahali pasipovuja, kufika siku ya miadi. Ukishatimiza hayo, mengine si kazi yako tena, na huna sababu ya kuyatolea usiku mzima.

Kisha kila lengo lililo upande wako lipimwe kwa swali hili: litanifaa nikibaki, na litanifaa nikiondoka? Kiingereza kinafaa Dzaleka, kinafaa Lilongwe, na kitafaa popote ndege itakapotua. Ufundi wa umeme wenye cheti kinachotambuliwa ni hivyohivyo. Lengo linalopita mtihani huo halina hasara, hata uamuzi wa wengine ukienda kinyume cha ulivyotarajia.

Watafiti wamegundua nini

Umuhimu wa malengo hautokani na mahubiri ya hamasa pekee. Mwanasaikolojia Edwin Locke alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1960, na baadaye yeye na Gary Latham walikusanya ushahidi wa miaka mingi katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Waliona kwamba lengo mahususi na gumu kiasi huleta matokeo mazuri kuliko agizo la jumla la "jitahidi uwezavyo", mradi mhusika amelikubali kwa moyo wake na anapata taarifa za maendeleo yake.

Mfano wao unaofahamika sana ni wa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani, uliochapishwa mwaka 1975. Madereva walikuwa wakipakia takriban asilimia 60 ya uzito ulioruhusiwa kisheria, ingawa walikuwa wameambiwa wajitahidi. Walipopewa lengo la asilimia 94, bila nyongeza ya malipo, upakiaji ulipanda ukapita asilimia 90 na kudumu hapo. Malori yalikuwa yaleyale na madereva walewale. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mmoja alijua "vizuri" maana yake ni nini.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer aliongeza jambo la pili: saa na mahali. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, yeye na Veronika Brandstätter waliwaomba wanafunzi waandike ripoti fupi katika siku mbili zinazofuata mkesha wa Krismasi, wakati ambao kila mtu ana shughuli nyingi. Miongoni mwa walioandika mapema wataifanyia kazi hiyo wapi na saa ngapi, takriban saba katika kila kumi waliimaliza kwa wakati. Miongoni mwa wasioandika, walioimaliza walikuwa kama watatu katika kila kumi. Kwa hiyo "nitasoma zaidi" ni kauli dhaifu. "Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, nikishachota maji, nitakaa maktaba" ina nguvu zaidi.

Hapa msikilizaji anahitaji tahadhari. Katika semina nyingi husimuliwa habari ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953, kwamba asilimia 3 ya wahitimu walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko asilimia 97 waliobaki. Uchunguzi huo haukuwahi kufanyika. Kuandika lengo kunasaidia, lakini anayekuahidi utajiri kwa sababu ya kalamu na daftari anakuuzia maneno.

Somo kutoka mlima wa serikali

Capital Hill inawakumbusha wengi foleni na mihuri, lakini jiji lenyewe linaweza kutufunza kuhusu malengo. Baada ya uhuru wa mwaka 1964, serikali ya Banda iliamua kuhamisha makao makuu kutoka Zomba kwenda Lilongwe. Jambo hilo halikufanyika kwa mkupuo. Shirika la kuujenga mji mkuu liliundwa mwaka 1968, Lilongwe ikawa makao makuu mwaka 1975, na Bunge liliendelea kukaa Zomba hadi mwaka 1994. Lengo moja lilitekelezwa kwa hatua ambazo kila moja iliweza kuonekana kwa macho.

Mfano wa pili ni wa lengo lililokwama. Dira ya 2020, iliyoandaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ilitaka Malawi iwe nchi ya kipato cha kati ifikapo mwaka 2020. Mwaka huo ulifika nchi ikiwa bado katika kundi la nchi za kipato cha chini. Januari 2021 ilizinduliwa dira nyingine, Malawi 2063, na safari hii iligawanywa katika mipango ya miaka kumi kumi. Wa kwanza unaishia 2030, na kipimo chake ni kufikia daraja la chini la kipato cha kati. Iwapo utafanikiwa, wakati utasema. Lakini marekebisho yenyewe yana mantiki ambayo hata kaya moja inaweza kuiga: jambo la mbali lipewe kituo cha karibu, na kituo kipewe kipimo.

Kupanga fedha pale thamani inapoyeyuka

Malengo mengi ya kaya huhusu fedha, na hapa kuna mtego. Tuchukue mfano mwingine wa kubuni, mama mjane mwenye watoto wanne anayeshona kwa cherehani ya kukodi. Anataka kununua yake. Ameingia katika kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho Wamalawi huita banki mkhonde, benki ya barazani: wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mwaka hugawana.

Akijiwekea lengo la kiasi fulani cha kwacha tu, anaweza kufika na asipate cherehani. Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, kisha kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023. Aliyehesabu noti alipata noti zake zote, na cherehani ikawa imempita. Kwa hiyo ni afadhali lengo liandikwe kwa kitu chenyewe, si kwa fedha: cherehani moja kabla ya msimu wa sare za shule. Bei yake iulizwe kila mwezi, na kiwango cha kuweka kirekebishwe. Ikiwezekana, vitu vinavyodumu kama nyuzi, mkasi na kitambaa vinunuliwe kidogo kidogo mapema.

Mama huyo pia atafanya vyema asifukuzie cherehani, mtaji wa samaki na ujenzi wa chumba cha pili kwa wakati mmoja. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Majirani zetu Wachewa wana methali ya tumbili aliyedanganywa na uzuri wa kila tawi, hiki kitamu na hiki kitamu, mwisho akaanguka chali.

Waliotangulia

Wapo waliopitia njia hii. Mshairi na msanii wa Kikongo Trésor Nzengu Mpauni, anayefahamika kwa jina la Menes La Plume, alikuja Dzaleka kama mkimbizi. Mwaka 2014 alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi. Hakusubiri sera ibadilike ndipo wakimbizi na Wamalawi wakutane. Aliwaita wageni waje kambini, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi siku za tamasha. Uzio wa sheria ulibaki, lakini yeye alichagua jambo lililowezekana upande huu wa uzio.

Innocent Magambi alizaliwa kambini, akaishi katika kambi tano za nchi mbalimbali kabla ya kutoka katika maisha hayo. Shirika aliloanzisha, There is Hope, hutoa mafunzo ya ufundi na ufadhili wa masomo kwa wakimbizi na kwa wenyeji wanaowazunguka. Naye mkimbizi asiyeweza kwenda chuoni aliletewa chuo: tangu mwaka 2010 wanafunzi wa Dzaleka wamesoma stashahada kwa njia ya mtandao kupitia mpango wa Wajesuiti ulioshirikiana na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani.

Nafasi za elimu ya juu bado ni chache. Mwaka 2019 UNHCR ilisema ni asilimia 3 tu ya wakimbizi duniani waliokuwa katika elimu ya juu, ikaweka lengo la kufikia asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Miongoni mwa njia zilizopo ni ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani, na mpango wa shirika la WUSC la Canada, ambao tangu mwaka 1978 huwapeleka vijana wakimbizi kusoma katika vyuo vya nchi hiyo. Nafasi hizo zina ushindani mkubwa, na uamuzi wake uko mikononi mwa wengine. Lakini zote huanzia mahali pamoja: matokeo mazuri ya sekondari. Yule binti wa Kivu Kusini anayeandika insha mbili kwa wiki hajui atachaguliwa au hatachaguliwa. Anajua kwamba bila krediti ile, jina lake halitafika hata mezani.

Lengo likikwama

Kuna wiki ambazo mtoto ataugua, mgao utapungua, au mvua itabomoa ukuta. Lengo likikwama, jambo la kwanza ni kuuliza ni sehemu ipi iliyokwama. Kama ni hatua, hatua ipunguzwe: insha moja badala ya mbili. Kama ni muda, tarehe isogezwe na iandikwe upya. Kama mlango umefungwa kabisa na uamuzi wa wengine, lengo lirudishwe upande wa pili wa karatasi, na nguvu zielekezwe kwingine. Kubadilisha lengo baada ya kulipima si udhaifu. Udhaifu ni kuliacha kimyakimya bila kujiambia kwamba umeliacha.

Inasaidia pia kumweleza mtu mmoja, awe dada, rafiki, mwalimu au mzee wa familia, na kumwomba akuulize kila mwisho wa mwezi. Wazazi nao wakumbuke walichokiona Locke na Latham: lengo hufanya kazi kwa aliyelikubali. Mtoto aliyepangiwa udaktari na baba yake hana lengo, amepewa agizo.

Haya yote hayaondoi wajibu wa serikali wala wa mashirika. Mkimbizi mwenye daftari safi bado anahitaji kibali, shule na chakula. Lakini sera ikibadilika kesho, wa kwanza kunufaika atakuwa yule aliyekwisha kujiandaa.

Jioni ya leo, basi, karatasi moja inatosha. Igawe mara mbili. Chagua jambo moja la upande wako, litakalokufaa ukibaki na ukiondoka. Andika kipimo chake, tarehe yake, na kazi ya wiki hii pamoja na saa yake. Kisha ikunje, uiweke pamoja na nyaraka zako nyingine, na uitazame tena Jumapili.